Nyumba ya Mwisho Barabarani

Siku ya kumi na moja. Daktari alisema kumi.
Alisema kwa upole, akichezea kifuniko cha kalamu,
nami nikaishika ile kumi kama risiti,
kana kwamba ikipita nitairudisha dukani.

Mimi ndiye ninayegawa barua hapa Unst,
kisiwa kisicho na miti, kondoo tele na upepo,
gari langu jekundu watu hulijua kabla halijakata kona.
Miaka kumi na tisa nimepenyeza karatasi milangoni:
bili, kadi za harusi, mbegu za karoti,
na bahasha nyeupe za hospitali, zile zenye dirisha.
Nazijua kwa kidole gumba.
Nyembamba, ukurasa mmoja: pumua.
Nene, yenye vijitabu: kaa kitako kwanza.
Hakuna aliyenifundisha. Huenda ni uongo.
Lakini saa tisa za usiku ndiyo dini yangu.

Simu naificha ndani ya pipa la unga,
kisha naifuata humo humo,
vidole vyeupe kama vya mwizi wa mkate,
niulize swali la jana
nipewe jibu la jana, limeota meno.
Halafu kwapani, pale walipochoma sindano,
nabonyeza. Kipo.
Nabonyeza. Kimekua?
Nabonyeza mpaka panauma,
kisha naogopa kwa sababu panauma.

Magnus anasema tusubiri tuone.
Yeye ni fundi wa injini: kinacholia, hukifungua.
Mimi silii. Hajui aanzie bolti gani.

Jumanne feri haikuvuka. Jumatano pia.
Nikautukana upepo, nikaushukuru,
nikautukana tena.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Robina, nyumba ya thelathini na mbili.
Mwaka juzi alisimama langoni kila asubuhi,
mvua inyeshe, isinyeshe,
nikadhani ni upweke, anataka gumzo.
Basi nikampa gumzo! Bei ya sufu, goti la mchungaji,
nikaondoka nimeridhika na wema wangu.
Hakuwa akinitazama usoni.
Alikuwa akitazama mikono yangu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nilikipitia mlangoni kila siku
nikipiga honi.

Alhamisi, feri. Magunia. Meza ya kuchambulia.
Ilikuwa katikati ya katalogi ya viatu na kodi ya mtu.
Jina langu, limeandikwa sawasawa.
Gumba likapita juu yake:
si nyembamba, si nene.
Kurasa mbili, labda tatu.
Dini yangu ikafia pale mezani.

Hakuna aliyenikataza kuifungua.
Lakini nyumba yangu ni ya mwisho barabarani,
na barua zina foleni yake.
Nikaiweka chini kabisa ya furushi, nikawasha gari.
Nyumba sitini mbele yake.
Sikumbuki nyumba hata moja, ila mbwa wa ya tisa,
na yule mtoto aliyepokea kifurushi
akakitikisa sikioni, akacheka.

Langoni kwa Robina sikuwa na kitu chake.
Nikasimama tu, injini ikinguruma.
Akatoka. Akanitazama mikono.
Hakuuliza. Alifungua mlango wa pili
akapanda na slipasi zake, jambo ambalo kanuni zinakataza,
akafunga mkanda, akasema,
"Haya, bado ishirini na nane."

Mwishoni nikashuka, nikaenda mlangoni kwangu
kama ninavyokwenda kwa watu,
nikaipenyeza.
Ikaanguka ndani, sauti ndogo mno.
Miaka yote hiyo sikuwahi kusimama niisikilize.

Kisha nikazunguka nyuma, nikavua viatu, nikaingia.
Robina alikwisha nitangulia jikoni.
Alikuwa anajaza birika.