Safu ya Nne

Ukutani, juu ya swichi iliyoungua,
Onzima amechora safu tatu kwa chaki:
Nyeusi. Nyeupe. Ya Mkononi.
Ndizo mashine za kizazi kijacho,
ambazo hapa Arua hakuna aliyezigusa,
tumeziona tu kwenye simu yenye ufa.

"Nyeusi itauza milioni mia," asema Ezati,
ambaye mia tano ya mechi ya jana
bado namdai.
Afeku anabisha: nyeupe ina tajiri nyuma yake,
na pesa, asema, haijawahi kufungwa ugenini.
Ayikoru, msichana pekee kwenye benchi,
anaitaja ya mkononi:
"Umeme ukikatika, nyinyi mtacheza na nini?"
Wanamcheka.
Umeme unakatika.

Gizani wanaendelea kutabiri.
Mimi navuta kamba ya jenereta, napima petroli,
nasikiliza mamilioni yakigawanywa
na watu wasio na nauli ya kurudi Oli.

Sikusomea soko. Lakini huu mwaka wa tisa
nafungua pedi kwa bisibisi ya fundi saa,
napuliza vumbi jekundu kutoka mapafu ya feni.
Najua kitufe kinachokufa kwanza: cha shuti.
Cha pasi hudumu. Vijana hawapendi kutoa pasi.
Najua pia kwamba mashine iliyotamba kwa wenyewe
hunifikia kupitia Dubai, halafu Kikuubo,
halafu basi la usiku, imeviringishwa blanketi
kama mgonjwa,
na ndani yake jina la mtoto nisiyemjua.
Nikiiwasha, inamsalimu: karibu tena.
Namwitikia kwa niaba yake. Asante, tumeshakaribia.

Na ile iliyoshindwa? Hiyo pia hufika,
tena kwa bei ya huruma.
Niliwahi kununua moja ambayo dunia iliisusa,
ikanilipia karo ya mihula miwili,
na bati la choo.
Sasa mtu asimame aniambie ilishindwa wapi.

"Mama Candiru, na wewe weka chaki yako!"
Wananisogezea kipande, kimebaki kama jino.
Natazama safu zao, vijiti vimejaa kwa nyeusi,
viwili kwa nyeupe, kimoja cha Ayikoru, kimenyooka.
Mimi nataka inayomeza diski bila kuuliza mtandao,
yenye skrubu zinazoonekana,
isiyonuna umeme ukirudi ghafla kwa hasira.
Kati ya hizo tatu, siioni.

Nachora safu ya nne, pembeni,
pale rangi ya ukuta ilipobanduka.
Siiandiki jina.
"Hiyo ni ipi?" Onzima anauliza.

Hiyo hiyo iliyo mbele yako, namwambia,
inayonguruma kama paka mzee.
Weka mia tano.
Na Ezati, wewe weka elfu moja.