Uzi wa Tano

Hapa pameandikwa: Mtunzi, Bulugu Masalu.
Wino wa bluu, muhuri, tarehe ya Machi.
Nami nimeitwa Makoroboi, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitenge,
niseme kama nina pingamizi.

Ninalo, dada.
Ila halienei kwenye mstari mmoja.

Andika kwamba banjo ilikuwa moja, sisi wawili.
Kantri tuliijua kwa kaseti ya fundi wa misheni,
upande wa pili umeliwa na redio.
Ngozi ilipopasuka tukawamba ya kenge,
na uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo,
ulipokatika nikafunga mshipi wa kuvulia sangara.
Ndiyo maana wimbo ule unalia vile,
kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Maneno aliyaleta Bulugu. Nakubali.
Aliyaleta usiku kutoka Igogo, kalewa,
mistari sita na tusi moja.
Tusi nililitoa mimi.
Anayetoa neno, sheria yenu inamwitaje?

Andika na kidole gumba hiki.
Ndicho kilichogundua kwamba uzi ule haushikwi,
unadonolewa tu, sauti ileile, ileile,
wakati zile nne zinagombana.
Kirumba walicheza hadi viti vikavunjika,
hakuna aliyeusikia.
Siku uliponyamaza, wakauliza umeme umekatika?

Kisha redio ikaupiga, ikataja jina moja.
Mke wangu akaniangalia,
akaendelea kuchambua mchele.

Unasema mgawo ni elfu kumi na nane na mia nne.
Haya. Nimevuka na kivuko cha Kamanga,
nimekula mhogo, nimesubiri tangu saa mbili.
Nusu yangu imeshaanza kupungua.

Na kabla hujagonga muhuri mwingine:
ile sauti ya mwanzo, inayopanda mara tatu ndipo ishuke,
niliiokota Kayenze, mchangani,
kwa mwanamke aliyekuwa anapepeta dagaa
huku akihesabu madebe, imo, ibhili, idatu,
la nne akilimeza.
Sikumuuliza jina.
Alikuwa na kilemba cha njano, na haraka.
Fomu yako ina kisanduku cha kilemba?

Bulugu yuko chini, kwenye ngazi.
Hatujasalimiana tangu Pasaka.
Banjo kaikumbatia kwapani, anaigusagusa,
na hata huku juu nasikia: uzi wa tano umelegea.

Niazime kalamu.
Hapana, ngoja kwanza.
Nishuke nikaukaze.