Njia Mbili, Kona Moja

Jumanne usiku, Tallinn, theluji dirishani.
Mwalimu Urmo amechora nukta nne na mishale minne,
chaki imemkatikia mara mbili.
"Pita juu kisha ushuke, au shuka kisha upite.
Ukifika palepale, mraba umefunga."

Leelo haandiki. Kichwani ana simu ya nesi wa wodi ya watoto:
karatasi inasema kumi na mbili, kompyuta kumi na moja.
Wiki nzima amechungulia ndani ya kila namba
kama atafutaye jiwe kwenye mchele.

Kumbe namba hazina kosa.
Jumlisha, kisha kata desimali: kumi na mbili.
Kata desimali, kisha jumlisha: kumi na moja.
Mraba uko wazi, na mtoto yumo ndani yake.

"Ndani ya nukta mna nini?" anauliza Aivo kutoka nyuma.
Urmo anazifuta zote nne kwa kiganja.
"Sijui. Niambie nani huingia kwake, nani hutoka;
nitakuambia ni nani."

(Mtu ni watu, tungemjibu sisi.
Nukta nayo ni mishale yake.)

Nyumbani Leelo anahamisha mstari mmoja tu wa programu,
wa saba uwe wa tisa.
Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Anampigia nesi. Hapokei, yuko zamu.

Umebaki mshale ule wa mwisho ubaoni,
utokao kwa kitu ukamrudia mwenyewe
bila kubadili chochote.
Anasimama dirishani, taa imezimwa,
ajaribu kuuona.