Mlizamu wa Tatu

Mlizamu wa kwanza kuijua nyumba hii
ulikuwa gogo la mpopoo lililopasuliwa kati.
Bibi Mwache aliufunga kwa kamba ya usumba,
na kila masika ukiota uyoga
alisema: almuradi maji yanafika mtungini.

Wa pili ulikuwa wa bati, wa mwaka wa karafuu nzuri,
uking'aa hadi majirani wakakinga macho.
Miaka sita tu, chumvi ikaujua kwa jina.
Chumvi ya Micheweni haibishi hodi:
huanza na msumari,
na msumari ukalia machozi ya kahawia
ukutani, juu ya dirisha. Alama ipo mpaka leo.

Sasa zamu yangu.
Nimeshuka Wete na fedha za pishi kumi na mbili
kwenye pindo la kanga, nimezihesabu mara tatu.

Mbarouk mwenye duka anaigonga plastiki kwa kidole.
"Hii haijui kutu."
Kweli. Lakini nimeuona ule wa skuli yetu:
jua liliukausha ukawa kama kaki,
mtoto akaurushia bungo, ukapasuka.

Ananitolea alumini, nyepesi kama sinia la harusi.
Bei naitazama, nayo inanitazama.
Nauliza unene. "Wa kutosha," anasema.
"Wa kumtosha nani?"
Anacheka, anakwenda nyuma kutafuta kipimo
ambacho, nadhani, hakuna aliyewahi kukiulizia.

Fundi Shaame yeye alikuja na kikombe cha maji.
Alikimimina kwenye kipande alichokipakata,
akakiinamisha kidogo tu, upana wa kidole.
"Unaona? Usinunue mlizamu, nunua mwinamo.
Maji yakilala, mbu wanaamka,
majani ya mbilimbi yanaoza humo,
na hata dhahabu ikilaliwa na taka itatoboka."
Kisha: "Na vibanio? Vya nini?
Usije ukaivalisha nyumba kanzu ya hariri
kwa vishikizo vya njiti za kibiriti."

Usiku nililala na hesabu.
Futi thelathini na mbili za paa, upande wa kibla.
Kisima chetu kina chumvi;
kwenye chai yake sukari huona haya.
Na Mize, binti yangu, hubeba ndoo alfajiri
kabla hajavaa sare.
Bega lake la kulia limeanza kushuka.
Nikazima taa. Hesabu ilikuwa imekwisha.

Niliuza bangili moja. Si ya mahari, ile nyingine.
Mume wangu akirudi kutoka Tanga atauliza,
nitamwonyesha juu ya dirisha.

Alumini, ule unene wa mstari wa pili.
Vibanio visivyoshika kutu, kila futi mbili.
Shaame alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena,
akaniambia nishike uzi. Nikaushika
mpaka mkono ukafa ganzi.

Mvua ya vuli iliingia usiku, bila adabu.
Tulitoka barazani, kanga vichwani, kusikiliza:
kwanza mchakacho, kama mchele kwenye ungo,
halafu sauti nene ya mtu mwenye kiu,
halafu tangi likaanza kuitikia.

Upande wa jiko, kwenye maungio,
panavuja. Tone. Kimya. Tone.
Shaame atakuja Jumamosi, inshallah.
Mize ametega bakuli chini yake,
amekaa hapo na daftari,
bega limeegemea ukuta,
na juu ya kichwa chake ile michirizi ya kutu
ambayo bado sijaipaka chokaa.