Hogo

Stendi, mama aliniambia: mguu wa kutoka
Mungu kaubariki.
Hakusema upi.
Wa kushoto ndio huu, juu ya mito miwili,
chumba namba sita, Ibri,
umefungwa hogo tangu ngazi iliponitupa
na chujio la kiyoyozi mkononi.

Hogo! Nchi isiyojua muhogo
imenipandia mmoja, mweupe,
hauchemshiki wala hauliki.

Daktari alinena, Shaju akanifasiria
kwa Kiarabu chake cha jikoni: wiki nane.
Kisha akaenda kunitafutia ndoo.

Usiku unawasha.
Nauchokonoa kwa kijiti cha mshikaki;
najikuna Ibri, raha inafika Korogwe.
Chooni ni hatua kumi na tisa.
Zamani sikuzihesabu.

Mama akipiga video namwonesha uso tu.
"Mbona umekaa, saa za kazi hizi?"
Leo Ijumaa, mama.
"Na juzi? Nayo Ijumaa?"

Nyuma yangu Shaju anapita,
gongo langu begani, anapiga mluzi.

Mama kanyamaza. Kuku wake nawasikia.
"Hiyo simu," asema, "iteremshe.
Taratibu.
Niuone."