Mbili Nukta Nne

Kazi yangu ni upepo.
Wengine wamepewa bastola, bendera, saa za mkononi;
mimi nina kiti cha plastiki, mwavuli uliovunjika ubavu,
na chombo hiki juu ya mguu wa chuma,
mita hamsini kutoka utepe,
kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Siku za kazi nafundisha fizikia, Kitangiri.
Leo nimevaa beji ya mashindano ya mataifa saba.
Jina langu limeandikwa Makoe, herufi moja imeanguka njiani,
nami nimenyamaza.

Tangu asubuhi ziwa lililala kifudifudi.
Mita mia za wasichana: sifuri nukta tatu.
Viunzi: sifuri. Nikaiandika kwa raha,
kama mtu anayechora yai.
Lakini ikifika saa tisa, Mwanza nzima inajua,
mawe ya Kirumba yamekunywa jua hadi yamelewa,
na hewa ya ziwani hupanda bila hodi,
ikibeba harufu ya dagaa kutoka Mwaloni.

Saa tisa na dakika kumi. Fainali, wanaume.
Mganda mwenye shingo ya gogo,
Mrundi anayebusu vidole vyake kimoja kimoja,
wawili wa Kinshasa wanaocheka kwa meno tu,
na njia ya saba, Nkwabi Luhende,
niliyemfundisha kidato cha pili,
aliyenyoosha mkono nyuma ya darasa akauliza,
mwalimu, upepo una uzito?
Unao, nilimjibu, kidogo.
Darasa likacheka.

Alfajiri hubeba barafu pale Mwaloni,
bonge la kilo ishirini na tano begani,
kutoka lori hadi kreti za sangara.
Ndiko alikojifunza mbio:
barafu haimsubiri mtu.

Kwenye nafasi zenu.
Uwanja ukameza mate.
Tayari.
Na hapo, kabla ya mlio,
mwavuli wangu ukageuza uso kuelekea utepe.

Paa!

Nilisikia miguu kabla sijaiona,
mvua ya mawe juu ya bati.
Nkwabi alitoka chini chini, kidevu kifuani,
kama aliyebeba kitu kinachoyeyuka,
akainuka, akanipita.
Uso sikuuona.
Niliona kiganja, vidole vitano wazi,
mkono uleule.
Kisha kifua. Kisha Kirumba ikapasuka.

Kumi nukta sifuri nane!
Mtangazaji analia kwenye kipaza sauti:
rekodi ya mashindano, kiwango cha dunia, rekodi, rekodi,
na mama mmoja jukwaani amevua kanga ya juu
anaipeperusha kama anafukuza nyuki.

Mimi nikainamisha macho.
Chombo hakishangilii.
Mbili nukta nne.
Sheria inakubali mbili kavu.

Nukta nne! Haziwezi kuinua unyoya wa kuku.
Msaidizi wangu alikuwa juu ya kiti akipiga mayowe,
mgongo kwangu.
Karatasi yangu, kalamu yangu.
Na mbili, ukiinyoosha mgongo, ni moja.

Sijui nilikaa muda gani.
Zaidi ya sekunde kumi.

Niliandika mbili.
Niliandika nukta.
Ile nne niliikandamiza mpaka ikatoboa karatasi.

Dhahabu wakampa, dhahabu ni yake.
Muda ndio uliorudi ziwani.
Alikuja jioni-jioni, viatu vya misumari mkononi,
bendera imemkaa begani upande, palepale pa barafu.
Ng'wadila, mwalimu.
Ng'wadila, Nkwabi.
Akachuchumaa mbele ya chombo, akachungulia tundu lake
kama anayetafuta aliyemo ndani.
Ngapi?
Nikamwambia.

Aling'oa jani la nyasi, akalirusha juu,
akalitazama likienda.
Kumbe unao, alisema.

Walikuwa wanaita mita mia mbili, wanawake.
Nikafuta kioo kwa ncha ya shati,
nikarudisha sifuri.