Fugwe

Kanzu ilikuwa ya Mwinshehe, ya kuolea.
Niliianika Alhamisi jioni uani kwangu, Kinyerezi,
kati ya mpapai na shina la miwa.
Asubuhi bega la kushoto lina weusi,
unga mtupu, kama mtu kapangusia kidole.

Nilijua wa kumlaumu.
Mama Kandida anauza mkaa ng'ambo ya michongoma.
"Masizi yako!" nikapaza sauti hadi wateka maji wakageuka.
Akatoka, mikono misafi.
"Wiki ya pili sina hata kopo la mkaa, Chambuso.
Lori limekwama Kisarawe."
Akarudi ndani. Hakubamiza mlango.
Angebamiza, ningepumua.

Masizi ya mkaa nayajua:
yanang'ang'ania, yanaacha kivuli cha kijivu.
Haya yaliteleza vidoleni kama poda ya mtoto,
na juani yalikuwa kahawia.
Dobi wa miaka ishirini na sita,
nikashindwa kusoma doa.

Mwinshehe aliitazama kanzu, akaipokea.
"Mpiga picha atakaa kulia," akasema.

Ni Anyisile, bibi shamba wa kata,
aliyefuata sketi zake Jumatatu,
akaacha kuhesabu chenji, akatazama nyuma yangu.
"Huo mjeledi una muda gani?"

Mjeledi.
Kileleni mwa muwa, pale jani changa linapozaliwa,
kimechomoza kitu chembamba, kirefu kuliko mkono wangu,
kimepinda, cheusi,
ngozi yake ya rangi ya fedha ikichanika.
Mimi nilijisifu kwamba miwa inachanua.

"Fugwe. Usiutikise. Upepo ukipita, unapanda."
Akanionyesha niliyokuwa nikiyapita kila siku:
machipukizi tele kama mchaichai,
mabua membamba kama penseli,
utamu uliokwisha bila mtu kuuonja.

Nikaleta mfuko.
Nikauvika mjeledi taratibu, kama unavyomfunika kuku,
nikakaza fundo, ndipo nikakata.
Kisha jembe: shina zima, mizizi na yote,
maana ukiacha kisiki, ugonjwa unachipua nacho.
Tukachoma palepale.
"Bondeni usitupe," alisema. "Mto hauna siri."
Panga likaoshwa kwa sabuni. Shati langu pia.

"Na vipando ulimgawia nani?"

Hapo moto ukanichoma usoni.
Mwaka jana, mvua za vuli,
pingili sita, nimezifunga kwa kamba ya kuanikia,
nikampa juu ya michongoma:
pokea, jirani, hii ni miwa ya sukari.
Nyani, nikajiambia.
Methali sikuimalizia.

Kwake tuliikuta mijeledi mitatu.
Nilianza maneno niliyoyapanga njiani.
Mama Kandida akashika mdomo wa mfuko.
"Kaza fundo," akasema.

Mashimo yale sasa yana mchicha na bamia.
Miwa tutapanda kona nyingine,
vipando vya shamba lililokaguliwa,
na kabla ya udongo, vitaoga:
nyuzi hamsini, kwa muda wa saa mbili,
si chini, fugwe itaishi,
si juu sana, jicho la muwa litakufa.
Anyisile ameniazima kipimajoto.
Mkono wangu unakisia kwanza, kisha nachungulia.
Nimekosea nyuzi mbili tu.

Mkaa ni wa Mama Kandida.
Nimeulipia.